Kujaza Mwili kwa Chuma: Miezi Mitatu ya Kwanza

"Kaka, nile nini nijae?" Hilo huwa swali la kwanza. La pili ni la unga wa protini: upi unajaza haraka? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, wengine wakishaondoka: "Hivi nikija kuacha, kifua hakitageuka matiti?"

Nimeyajibu maswali haya uani tunakopigia tizi mpaka nimechoka kuyajibu, mara nyingi nikiwa na chuma mabegani. Sasa nayaandika yote, ili kesho kijana mwingine akija nimwelekeze hapa, mimi niendelee na seti yangu.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kushika chuma, au alishika wiki mbili akaacha, akashika tena, akaacha tena. Haujali kama unalipia jimu yenye kiyoyozi au una makopo ya zege nyuma ya nyumba. Haujali pia kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Hatua ni zile zile. Nadharia yake ni fupi: misuli hukua ikibebeshwa kuliko ilivyozoea, ikapata chakula, ikaachwa ipumzike. Mengine yote ni namna ya kuyatimiza hayo bila kuvunjika mgongo.

Kabla hujaanza, tafuta hivi

Daftari na kalamu. Nimeviweka vya kwanza makusudi. Wanaoanza pamoja nasi na daftari tunawaona wakibadilika. Wanaoanza bila daftari tunawaona wakitoka jasho. Mwaka mzima jasho lile lile, chuma kile kile.

Chuma chenye uzito unaoweza kuongezwa. Jimu nyingi zina chuma kirefu cha kilo 20 kabla hata hujaweka pleti (sahani za uzito), kwa hiyo usisahau kukihesabu. Kama huna jimu, bomba la chuma na makopo ya rangi yaliyojazwa zege yanatosha. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 20 ni kilo 20. Hizo ni dambeli ambazo kila nyumba inazo.

Mahali pa kujivuta: bomba lililokazwa vizuri, tawi la mwembe, au mwamba wa goli. Lining'inie kwanza kwa uangalifu ukiwa na miguu chini. Tawi la mpapai si tawi.

Viatu vyenye soli bapa na ngumu, au miguu peku. Raba laini za kukimbilia zinakuyumbisha ukiwa na uzito mabegani.

Mizani ya kupima mwili. Ya famasi ya jirani inatosha, ili mradi iwe hiyo hiyo kila mara.

Halafu afya yako. Kama una shinikizo la damu, kisukari, tatizo la moyo, figo au ngiri, ongea na daktari kwanza. Vivyo hivyo kama una seli mundu. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote yuko mzima, anaweza kupata madhara makubwa akijisukuma kupita kiasi kwenye joto bila maji. Aanze taratibu, anywe maji, na akisikia kuishiwa nguvu ghafla aache hapo hapo.

Hatua ya 1: Andika unapoanzia

Pima uzito asubuhi, ukitoka chooni, kabla ya kula. Pima kifua, mkono, paja na kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Piga picha ya mbele na ya ubavuni, mahali penye mwanga. Utajiona mjinga, na picha si lazima umwonyeshe mtu. Mwili hubadilika polepole kiasi kwamba kioo hakitakuambia kitu. Picha ya wiki ya kwanza ndiyo itakayokuambia.

Hatua ya 2: Pima vyuma vyako

Hatua hii watu huiruka, nami niliiruka. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na bomba lenye makopo mawili ya zege, na kila nikisukuma juu bega la kulia linauma. Nikapumzika, nikapaka dawa ya kuchua, nikabadili mkao. Siku moja tukayapeleka makopo kwa muuza mahindi akayaweka kwenye mizani yake: la kulia kilo 11, la kushoto kilo 8 na nusu. Aliyejaza zege upande mmoja alishindilia, upande wa pili aliachia mapovu. Bega lilikuwa halina kosa.

Zege likishindiliwa vizuri, lita moja ina uzito wa kilo 2.4 hivi. Kopo la rangi la lita 4 litakupa karibu kilo 9 na nusu, na ndoo ya lita 20 karibu kilo 48, ambazo huzihitaji mwezi huu. Jaza, shindilia kwa fimbo, pima, andika uzito kwa rangi juu ya kopo. Tofauti ndogo isahihishe kwa kufunga kamfuko ka mchanga upande mwepesi. Chupa ya nusu lita iliyojaa mchanga mkavu ni kama gramu 800. Tengeneza jozi kadhaa na utakuwa na njia ya kuongeza uzito kidogo kidogo, jambo ambalo makopo peke yake hayawezi.

Hatua ya 3: Chagua siku tatu

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au siku nyingine zozote tatu zisizofuatana. Anayeanza hahitaji siku sita, na hahitaji "siku ya mikono". Kila siku utafanya mwili mzima, ukibadilishana orodha mbili.

Siku ya A: skwati, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta chuma ukiwa umeinama.

Siku ya B: kunyanyua chuma kutoka chini, kusukuma chuma juu ya kichwa, kujivuta bombani.

Wiki ya kwanza ni A, B, A. Ya pili ni B, A, B. Ukibaki na nguvu mwishoni, kunja mikono kwa dambeli seti mbili (seti ni kunyanyua mara kadhaa mfululizo kabla ya kupumzika). Najua utazifanya hata nikikukataza.

Mbona hakuna mazoezi ya tumbo? Skwati na kunyanyua kutoka chini vinalifanyisha tumbo kazi. Na "kupiga tumbo" mara 300 kila usiku hakuyeyushi mafuta ya tumboni. Mwili huchagua wenyewe unapotoa mafuta.

Hatua ya 4: Jifunze mikao kwa uzito mwepesi

Wiki mbili za kwanza tumia bomba tupu, fimbo ya fagio au dumu dogo. Mwombe mtu akuchukue video kwa simu kutoka ubavuni, uitazame hapo hapo.

*Skwati.* Chuma kikae juu ya nyama za mabega kwa nyuma, si kwenye mfupa wa shingo. Miguu iachane kwa upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Vuta pumzi, shuka kama unakalia kigoda kifupi, magoti yakifuata vidole, visigino vikibaki chini. Aliyekulia choo cha kuchuchumaa ana bahati, mkao anao tayari. Kama chuma cha mgongoni kinakutisha, kumbatia dumu kifuani na ushuke nalo. Ni skwati halali kabisa.

*Kunyanyua kutoka chini.* Watazame kina mama wanaopanda mpunga au kupalilia. Wanainama kuanzia kwenye nyonga, mgongo umenyooka, magoti yamelegea kidogo, na wanakaa hivyo asubuhi nzima. Huo ndio mkao. Chuma kiwe karibu na miguu, kikikwaruza suruali kinapopanda. Simama wima kwa kusukuma nyonga mbele. Mgongo ukianza kupinda kama wa paka aliyeshtuka, weka chini, uzito huo si wako bado.

*Kuvuta ukiwa umeinama.* Mkao ule ule wa kupalilia, kisha vuta chuma mpaka kiguse tumbo, ushushe taratibu. Usikirushe kwa kiuno.

*Benchi.* Mabega uyarudishe nyuma yagandamane na benchi, miguu ikanyage chini. Shusha chuma mpaka usawa wa chuchu, kiguse, usukume. Viwiko visitanuke kama mbawa za kuku anayekimbia mvua. Viwe katikati ya mbavu na mabega.

Hapa naonya kwa herufi kubwa moyoni: USILALE PEKE YAKO CHINI YA CHUMA. Ukikosa mtu wa kukushikia, acha pleti bila vifungo ili ukikwama uzimwage upande mmoja. Kama uzito wako ni makopo yaliyogandia kwenye bomba, hayamwagiki, hivyo piga pushapu na begi la mchanga mgongoni siku hiyo. Kifua hakitajua tofauti.

*Kusukuma juu.* Simama, bana makalio na tumbo, sukuma chuma kutoka mabegani mpaka mikono inyooke. Ukijikuta unatazama mawingu, unapinda mgongo, punguza.

*Kujivuta.* Wengi hawawezi hata moja mwanzoni, wanawake kwa wanaume. Panda juu kwa kigoda au kwa kuruka, kidevu kikiwa juu ya bomba, halafu shuka kwa sekunde tano. Rudia mara tano. Baada ya wiki kadhaa utashangaa mwili unapanda wenyewe.

Hatua ya 5: Pasha mwili

Dakika tano za kutembea haraka au kuruka kamba. Kisha kwa kila zoezi fanya marudio 10 ya chuma kitupu (kunyanyua na kushusha mara moja ni rudio moja), matano ya nusu ya uzito utakaopiga siku hiyo, matatu ya robo tatu yake. Basi. Kukimbia kilomita tano kabla ya chuma si kupasha, ni kujichosha.

Hatua ya 6: Piga seti tatu

Kila zoezi lina seti 3, kila seti marudio 8 hadi 12. Pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti. Weka saa, maana dakika mbili za kuchati huwa kumi. Chagua uzito ambao ukifika mwisho wa seti unahisi ungeweza kuongeza marudio mawili, si kumi. Seti ambayo unamaliza ukiongea ni ya kupasha. Seti ambayo unamaliza mwili ukitikisika, mgongo umepinda na rafiki amekamata chuma, umepitiliza.

Ushuke taratibu, upande kwa nguvu. Toa pumzi ukipita pale pagumu.

Hatua ya 7: Ongeza, na uandike

Huu ndio moyo wa mwongozo mzima, na nikiruhusiwa kukuachia ukurasa mmoja tu ningekuachia huu. Anza na uzito unaoupiga mara 8 kwa seti zote tatu. Kila siku ya zoezi hilo jaribu kuongeza rudio moja mahali fulani. Ukifika 12 kwa seti zote tatu, ongeza kilo 2 na nusu, urudi 8, uanze kupanda tena. Daftari linakuwa hivi:

Skwati kilo 30: 8, 8, 8
Skwati kilo 30: 10, 9, 8
Skwati kilo 30: 11, 10, 10
Skwati kilo 30: 12, 12, 12
Skwati kilo 32.5: 9, 8, 8

Mistari mitano, wiki tatu hivi. Haina msisimko wowote, na ndiyo kazi yenyewe. Kwa skwati na kunyanyua kutoka chini utaweza wakati mwingine kuruka kilo 5. Kwa kusukuma juu ya kichwa hata kilo moja na nusu inatosha, na hapo ndipo zile chupa za mchanga zinapoonekana maana yake.

Kama huna namna yoyote ya kuongeza uzito wa chuma, panda mpaka marudio 15, kisha shuka kwa sekunde tatu kila rudio, kisha ongeza seti ya nne. Hizo ni njia tatu za kukifanya chuma kile kile kiwe kizito zaidi. Zikiisha zote, nunua saruji.

Hatua ya 8: Kula kwa hesabu

Sasa tufike sufuriani, maana wengi wanaolalamika kwamba "mwili wangu haujai" hawana tatizo la chuma. Wana tatizo la chai ya rangi na andazi asubuhi, chipsi mchana, na kulala.

Lenga gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 96, wa kilo 70 anahitaji 112. Usihofu, haihitaji kuku kila siku. Kumbuka namba hizi za kukadiria:

Yai moja, gramu 6. Kikombe cha maziwa au mtindi cha robo lita, 8. Kikombe cha maharage au choroko zilizopikwa, karibu 15. Kiganja cha karanga, 7 au 8. Kipande cha nyama, kuku au samaki aliyepikwa chenye gramu 100, kati ya 20 na 30. Dagaa wakavu ndio siri ambayo haitangazwi: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo gramu 30 za dagaa, kiganja kilichojaa, zinakupa karibu 18. Na mifupa yao unaila, unapata na madini ya chokaa.

Siku moja ya mtu wa kilo 60 inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai matatu, chapati, kikombe cha maziwa na kiganja cha karanga. Mchana ugali na kikombe na nusu cha maharage, na mboga za majani. Jioni baada ya tizi, maziwa mgando na ndizi mbili. Usiku ugali au wali na dagaa, mchicha, na embe kama ni msimu. Jumlisha mayai, maziwa, karanga, maharage, dagaa na kile kidogo kilichomo kwenye chapati na unga wa ugali, utakuta umevuka 100.

Ugali usiudharau. Kuna vijana wamesikia huko kwamba wanga unanenepesha tumbo, wakaacha ugali na wali, halafu wanashangaa chuma kimekuwa kizito. Wanga ndio mafuta ya gari. Mwembamba anayetaka kujaa aongeze chakula juu ya kile anachokula sasa: sahani ndogo ya ziada, parachichi, kijiko cha siagi ya karanga kwenye uji, nazi kwenye maharage. Mwenye kitambi afanye kinyume: protini abaki nayo, apunguze soda, mafuta ya kukaangia na pombe. Anayeanza anaweza kujenga misuli huku kiuno kikipungua.

Makande yanastahili aya yake. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanaufidia, na maharage yana upungufu ambao mahindi yanaufidia. Bibi zetu hawakuwa na jedwali la lishe na walivitia chungu kimoja. Maharage yakikujaza gesi, yaloweke usiku mzima, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, na uanze na kiasi kidogo mpaka tumbo lizoee.

Karanga na mahindi vyenye ukungu tupa, usichambue vilivyo vizuri ukala. Sumu kuvu inaharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mayai mabichi kwenye soda, ile dawa ya mabondia wa mtaani, achana nayo. Mwili hufyonza protini ya yai lililopikwa vizuri zaidi kuliko ya bichi, na bichi linaweza kukuachia kuhara kwa wiki.

Unga wa protini mara nyingi hutokana na maziwa yaliyochujwa na kukaushwa. Kipimo kimoja kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25 za protini, sawa na mayai manne. Kama fedha ipo na muda wa kupika haupo, tumia. Kama fedha ni ya kubana, nunua trei ya mayai. Kreatini, unga mwingine wa kuongeza nguvu unaouzwa madukani, ni ya kweli, gramu 3 hadi 5 kwa siku, inasaidia kidogo kwenye nguvu. Lakini mtu asiyemaliza wiki tatu na daftari hahitaji kreatini.

Vidonge vya kunenepesha ni habari nyingine kabisa. Vile vinavyouzwa kimya kimya, mara nyingi ni deksamethasoni au saiproheptadini. Ya kwanza inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari, na ukitumia muda mrefu inakula misuli ile ile unayoitafuta. Ya pili inakupa njaa na usingizi. Sindano za homoni ya kiume nazo hufanya mwili wa kijana uache kutengeneza ya kwake: korodani husinyaa, na mtoto akitafutwa anachelewa. Ukiona mtu amejaa ndani ya miezi miwili, usimuulize anakula nini.

Kwa wanaofunga Ramadhani: pigeni chuma saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, mpunguze seti ziwe mbili, uzito mbaki nao. Futari isiwe ya viazi na kaimati tupu. Wekeni mayai, samaki au kunde, na daku msiiache. Lengo la mwezi huo ni kutopoteza.

Hatua ya 9: Lala

Kila usiku lala kwa muda wa saa saba hadi tisa. Ukilala saa nane usiku kwa ajili ya mechi au simu na kuamka kumi na moja kuwahi daladala, hakuna chakula kitakachofidia. Siku zisizo za chuma tembea, cheza mpira kidogo, usipige "kifua kidogo tu".

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kifua na mikono tu. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Nikivaa bukta nilionekana nimeazima miguu ya mtu mwingine.

Kubadilisha programu kila wiki kwa sababu ya video mpya. Usipokaa na mazoezi sita kwa miezi mitatu, hutajua lipi lilikufaa.

Kushindana na aliyeanza zamani. Kuweka pleti ambazo huziwezi kwa sababu yule wa kilo 100 kwenye benchi anakutazama si ushujaa.

Kupiga marudio mengi mno siku ya kwanza. Ukiamka kesho misuli imevimba, huwezi kukunja mkono, na mkojo una rangi ya chai nzito au kola, usisubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli iliyovunjika inaweza kuziba figo. Maumivu ya kawaida ni ya siku mbili tatu na mkojo hubaki wa njano.

Ukikwama

*Wiki ya nne, mizani haijasogea.* Tafuta wastani wa vipimo vitatu vya wiki, usiamini kimoja. Mwembamba alenge kuongeza kilo 1 hadi 2 kwa mwezi. Kama hakuna kitu, ongeza glasi ya maziwa na mayai mawili kila siku kwa wiki mbili, upime tena. Ukiongeza kilo 4 kwa mwezi na kiuno kimetanuka, umezidisha.

*Marudio hayapandi wiki mbili mfululizo.* Angalia daftari, kisha usingizi, kisha chakula, kwa mpangilio huo. Vyote vikiwa sawa, punguza uzito kwa asilimia 10 na upande upya. Baada ya wiki nane hivi, chukua wiki nzima ya nusu ya seti.

*Goti au bega linauma.* Maumivu ya nyama ni mapana na huisha. Maumivu makali ya nukta moja, kwenye kiungo, ni amri ya kuacha zoezi hilo. Badilisha mkao, punguza uzito, pima tena makopo yako. Yakizidi wiki mbili, daktari.

*Mimi ni saidia fundi, nabeba zege kutwa. Nahitaji chuma?* Misuli yako imezoea uzito wa ndoo ile, haina sababu ya kukua zaidi. Piga siku mbili badala ya tatu, jioni ya siku yenye kazi nyepesi, na kula zaidi ya mwenzako wa ofisini. Wewe njaa ndiyo adui yako mkubwa.

*Mimi ni mwanamke, sitaki kuwa na mwili wa kiume.* Hutakuwa nao. Mwili wako una homoni ya kiume inayojaza misuli kwa kiasi kidogo mno, na hata wanaume wanaoihangaikia wanachukua miaka. Utapata mapaja, makalio, mgongo ulionyooka, na ndoo ya maji itakuwa nyepesi.

*Nimekosa wiki mbili, msiba ulinipeleka kijijini.* Rudi na uzito pungufu kwa asilimia 20, uupande ndani ya wiki. Hakuna kuanza moja.

*Na nikiacha kabisa?* Misuli haigeuki mafuta wala matiti. Ni vitu viwili tofauti. Ukiacha chuma, misuli inapungua pole pole. Ukiendelea kula kama mtu anayepiga chuma, mafuta yanaongezeka, na hicho ndicho ulichokiona kwa yule jirani. Ukirudi baada ya mwaka, ulichojenga kinarudi haraka kuliko mara ya kwanza. Daftari lako lihifadhi, utaanzia nusu ya ukurasa wa mwisho.